Kwa Nini Mlinzi Alipeleka Makaa

Misi, mwalimu wa Kizungu wa shule ya wasichana, alisoma sentensi mbili kwa Kiingereza, akanyamaza, akamtazama Mwalimu Hezroni. Mwalimu Hezroni akazigeuza kwa Kiswahili ili wazazi wasikie. Ndivyo walivyofanya kanisani kila siku ya kufunga shule, na wazazi walizoea kusinzia katikati.

Siku hiyo hawakusinzia. Andiko bora la darasa la nane lilikuwa la Zipora binti Gideoni, na Gideoni alikuwa amekaa benchi la mbele, amevaa koti lake la kanisani na viatu vilivyombana. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la mawe na udongo lililojazwa maji ya kijito usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, msimamizi akishapiga pembe. Katika mtaa ule wa juu ya Gonja, mtu aliyegawa maji alisalimiwa kwanza kuliko jumbe.

Andiko lilihusu kitabu. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha kurasa zaidi ya mia tatu, nakala sita kwa wasichana ishirini na wawili, na wote walikichukia. Kilianza na mazishi ya mtu ambaye humjui, kikarudi nyuma, kikaenda mbele, kikarudi tena. Aliyezikwa alikuwa mlinzi wa geti la reli katika nchi ya baridi. Siku moja geti liliachwa wazi, treni ikaua ng'ombe wa watu na mwenye ng'ombe, na mlinzi mwenzake akafukuzwa kazi kwa kosa hilo. Tangu hapo, kila baridi ilipoingia, mlinzi huyu alibeba gunia la makaa ya mawe mgongoni, akaliweka mlangoni kwa yule aliyefukuzwa, akaondoka bila kubisha hodi. Hakuna ukurasa uliosema kwa nini.

Misi aliwauliza darasani. Msichana mmoja alisema mlinzi ni Mkristo mwema. Mwingine alisema anamtamani mke wa mwenzake, darasa likacheka. Misi akasema, basi nendeni mkaandike.

"'Wenzangu wanasema kitabu ni kigumu kwa sababu mwandishi ameficha jambo,'" Mwalimu Hezroni aligeuza. "'Mimi naona hakuficha. Aliliweka mlangoni, ndani ya gunia.'"

Mchungaji alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"'Nilikielewa nilipofika ukurasa wa tisini, kwa sababu mtu wa namna hii namjua. Ni baba yangu.'"

Watu waligeuka kumtazama Gideoni. Jirani yake wa benchi alimgonga goti. Gideoni alishusha macho kama mtu asiyependa kusifiwa, lakini masikio yalikuwa wazi.

"'Kila mavuno baba yangu hupeleka mkungu wa ndizi na debe la mahindi kwa jirani yetu. Haombwi. Huweka mlangoni akaondoka.'"

Misi akasoma sentensi mbili nyingine. Mwalimu Hezroni akafungua mdomo, akaufunga. Alikohoa. Alitazama dirishani.

"'Jirani huyu,'" alisema mwishowe, "'wakati fulani alipata shida ya maji.'"

Misi alikuwa na miaka saba milimani. Kiswahili chake cha kusema kilikuwa kibovu, ila sikio lake lilikuwa zima. "Hapana, Mwalimu," alisema kwa furaha. "Si hivyo. Sema yote. Ni nzuri sana."

Mwalimu Hezroni akasema yote. Alisema huku akitazama sakafu, haraka haraka. "'Jirani yetu alitozwa fahali na kunyimwa maji msimu mzima kwa sababu ndiva ilikutwa imefunguliwa kabla ya pembe kupigwa, na shamba lake la kando ya mfereji limelowa. Lakini hakufungua yeye. Nilikuwa na miaka minane. Baba alinipa mti wa kuzibia tundu la ndiva niushike, yeye akachepusha maji kwenda kwenye maharage yetu. Ndiyo maana najua ndani ya gunia la mlinzi mlikuwa na nini.'"

Misi alipiga makofi. Alipiga peke yake, mara nne au tano, kisha akaanza kuwatazama watu mmoja mmoja, akijaribu kuelewa amekosea nini.

Benchi la mwisho, karibu na mlango, ndipo alipokaa Fanueli. Alikaa hapo miaka yote tisa tangu atozwe fahali, kwa kuwa mwizi wa maji hakai mbele. Alichukua kofia yake gotini, akaivaa akiwa bado ndani ya kanisa, akatoka.

*

"Uliambiwa uandike kitabu," alisema Eliwaza, mama yake Zipora. "Nani alikutuma uandike nyumba?"

"Nilidhani atasoma Misi peke yake, mama."

"Ulidhani. Tumekupeleka shule ujifunze kudhani."

Makande yalikuwa yamepoa kwenye sahani. Gideoni hakuwa amekula. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, koti amelivua, viatu bado amevivaa. Alikuwa akiinuka, anafika mlangoni, anatazama njia kama kuna mtu anakuja, anarudi kukaa. Alifanya hivyo mara nyingi hadi Eliwaza akamwambia, "Baba Zipora, kaa au toka."

Alikaa.

"Jumatano ni msaragambo," alisema. "Mtaa mzima utakuwa ndivani kutoa tope. Mzee Simeoni ameshanitumia mtu. Watakuita, watakuuliza. Utasema umetunga."

Zipora aliinama kukusanya sahani.

"Husikii?"

"Nasikia, baba. Misi aliniuliza kabla hajasoma mbele za watu. Aliniuliza, haya ya baba yako ni kweli? Nikasema ni kweli. Nikisema nimetunga, atasema nimemdanganya. Barua ya chuo hatanipa."

"Kwani barua inatolewa kwa sababu ya mimi kuaibishwa?"

"Inatolewa kwa sababu ya andiko."

"Na fomu ya chuo nani anatia saini?"

"Wewe, baba."

"Sasa nisipotia saini, hiyo barua utaifanyia nini? Utawashia moto?"

Lori la kwenda Same lilikuwa linapita Maore Jumamosi iliyofuata. Zipora alitakiwa apande hilo, akakamate treni, afike chuo cha ualimu kabla ya Jumatatu. Wasichana wawili tu walikuwa wamechaguliwa. Sanduku lake la bati lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa tangu majuma mawili nyuma.

"Ulikuwa mtoto," Eliwaza alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Mtoto wa miaka minane anaona vitu vingi. Unaweza kusema hukumbuki vizuri. Huo si uongo."

"Nakumbuka, mama. Mti ulikuwa baridi. Baba aliniambia usiuachie, ukiuachia maji yataondoka nao."

Gideoni aliinuka tena. Safari hii alitoka.

*

Jumapili Gideoni hakuitwa kukusanya sadaka. Hakuna aliyemwambia asikusanye; kikapu kilipewa mtu mwingine tu. Jumatatu Eliwaza alikwenda kijitoni, wanawake wakampisha achote wa kwanza. Afadhali wangemsukuma. Kumpisha vile, kama mgonjwa, kulimuuma zaidi.

Kwa Fanueli mambo yalikwenda kinyume. Mtu aliyeazima shoka lake mwaka juzi alilirudisha, na limenolewa. Wazee wawili walipita kumjulia hali, wakakaa mpaka uji ukaisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka njia kila akimwona, alimwamkia shikamoo, Fanueli akachelewa kuitika kwa kuwa hakujua kama yeye ndiye anayeamkiwa.

Jumanne mchana Eliwaza alikata mkungu wa ndizi, ule mkubwa wa nyuma ya zizi, akampa Zipora. "Peleka."

"Baba amesema?"

"Nimesema mimi. Na usiweke mlangoni. Mpe mtu mkononi."

Zipora alimkuta Rogathe, mke wa Fanueli, anapepeta maharage uani. Aliamkia, akaitikiwa. Rogathe aliweka ungo chini taratibu, akaupokea mkungu, akaupima kwa mikono kama mtu wa sokoni.

"Huu mzuri," alisema. "Lakini mavuno bado. Wa leo ni wa nini?"

Zipora alipangusa utomvu wa ndizi viganjani.

"Sijakataa, mwanangu. Nauliza tu niuweke wapi. Ile mingine najua ilikuwa ya nini."

"Ulijua, mama?"

"Mtu akikuletea ndizi miaka tisa na hajawahi kukaa kunywa hata maji kwako, utadhani anakupenda?" Rogathe alirudi kwenye ungo wake. "Nenda nyumbani. Msalimie mama yako. Mwambie nimepokea."

Njiani Zipora alikumbuka kitu. Kitabuni, karibu na katikati, kulikuwa na ukurasa mzima wa yule mke wa mlinzi aliyefukuzwa. Baridi inaanza, na mwanamke anafagia theluji mlangoni, anafagia mahali padogo tu, pa ukubwa wa gunia, kisha anaingia ndani. Makaa bado hayajaletwa. Darasani waliupita ukurasa ule wakipiga miayo. Zipora mwenyewe aliona ni maneno ya kujaza kitabu. Sasa alisimama katikati ya njia, jua la mchana linamchoma utosini, akaona kwamba andiko lake lililosomwa mbele ya watu wote lilikuwa nusu. Alikuwa ameelewa habari za mbebaji. Za mpokeaji hakuzijua kabisa.

Alitamani arudi shuleni akiombe kitabu. Vitabu vyote sita vilikuwa vimefungiwa kabatini.

*

Pembe ya msaragambo ilipigwa Jumatano asubuhi. Watu walikuja na majembe na makarai, wakaingia kwenye tope hadi magotini, wakafanya kazi bila kuimba. Gideoni alifanya kazi kuliko wote. Alichota tope kama mtu anayefukia kitu, wala hakupumzika hadi Mzee Simeoni alipopiga jembe kwenye jiwe.

Mzee Simeoni alikuwa mkubwa wa ukoo uliochimba ndiva ile. Hakupenda maneno marefu. Watu walikaa ukingoni, matope yakianza kukauka miguuni.

"Shauri hili tumalize hapa hapa," alisema. "Sitaki lifike bomani Same, Bwana Shauri wa serikali akaanze kutuuliza ndiva ni nini. Mtoto wa Gideoni yuko wapi?"

Zipora alisimama. Mwalimu Hezroni alikuwa amekaa pembeni, naye ana matope, daftari dogo likichungulia mfuko wa shati. Misi alikuwa amemtuma alete habari.

"Yale yaliyosomwa kanisani," Mzee Simeoni alisema, "ni ya kweli au ni ya kitabu?"

Zipora alimtazama baba yake. Alitegemea kuona hasira. Hasira angeiweza. Alichoona ni mtu mwenye matope usoni, mdomo wazi kidogo, anamtazama yeye kama anavyotazamwa daktari. Hakuwahi kumwona baba yake akimwogopa mtu, na sasa mtu huyo alikuwa yeye.

"Nilitunga," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Nilitunga, babu. Nilitaka andiko liwe zuri."

Mwalimu Hezroni alitoa daftari, akaliangalia, akalirudisha bila kuandika. Eliwaza alifunika uso kwa khanga. Watu walianza kupumua, mmoja akacheka kidogo, mwingine akasema shule hizi zinafundisha watoto mambo. Gideoni alifuta uso kwa mkono wenye matope na kuuchafua zaidi.

"Basi yameisha," alisema Mzee Simeoni.

"Hayajaisha."

Fanueli alikuwa amesimama. Hakuwa mtu wa kusema hadharani. Sauti ilitoka nyembamba, akalazimika kuanza upya.

"Hayajaisha, mzee. Mimi najua aliyefungua. Nilijua tangu mkungu wa pili. Nikanyamaza. Mke wangu alisema tunyamaze, watoto wanakula, nikaona sawa. Watu wananiita mwizi, lakini hakuna anayejua zaidi yangu na mwenyewe, na mwenyewe analipa. Ningekufa hivyo hivyo." Alimgeukia Zipora. "Halafu wewe ukaandika. Sikukutuma. Nilikasirika, nilitaka nije kwenu na fimbo. Lakini nimeamkiwa siku nne hizi, mtoto wewe. Nimeletewa shoka langu. Jana Mzee Simeoni amekunywa uji kwangu. Uongo?"

"Nimekunywa," alisema Mzee Simeoni.

"Sasa leo unasema umetunga. Baba yako alinichukulia maji, nikavumilia. Wewe unanichukulia hizi siku nne. Nikitoka hapa narudi kuwa mwizi, tena mwizi aliyetungiwa hadithi. Bora ungeniacha nilivyokuwa."

Alikaa.

Hapakuwa na mtu aliyemwambia Zipora aseme. Aliendelea kusimama kwa kuwa hakujua mtu anakaaje baada ya maneno kama yale.

"Sikutunga," alisema. "Mti niliushika mimi. Baba alisema maharage yakifa hatuna mbegu."

Wote wakamgeukia Gideoni. Angeweza kukana, lilikuwa neno la mtoto aliyesema mawili kwa wakati mmoja. Eliwaza alikuwa anamtazama, na midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti. Gideoni alichukua jembe lake, akalifuta tope kwa kidole, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Pembe iko nyumbani," alisema. "Nitaileta."

Hukumu haikuchukua muda. Fahali mmoja, wa Fanueli, si wa kuchinjwa na wazee. Usimamizi wa ndiva aupate mwingine. Msimu mzima bila maji, na zamu yake apewe Fanueli. Gideoni alikubali kila kimoja kwa kichwa, haraka, kama mtu anayeogopa wakisita wataongeza.

Watu walipotawanyika Zipora alimfuata Mwalimu Hezroni. "Utamwambia nini Misi?"

"Aliniagiza nimwambie kama andiko ni la kweli." Mwalimu alikuwa anakwangua tope kwenye daftari. "Hakuniambia nihesabu umesema mara ngapi. Barua atakupa. Mimi ndiye ninayepaswa kuogopa, nilitaka kuyaruka yale ya ndiva." Alitembea hatua chache, akarudi. "Kuna ukurasa mle kitabuni hukuugusa. Wa mwanamke na ufagio."

"Najua, Mwalimu."

"Umejua lini?"

"Jana."

"Aa," alisema Mwalimu Hezroni. "Wengine hawajui mpaka leo."

*

Fomu ilikaa mezani siku mbili. Hakuna aliyeigusa. Eliwaza aliipangusa vumbi kila asubuhi, akairudisha palepale.

Ijumaa mchana Gideoni aliingia akitoka kuangalia maharage, ambayo yalikuwa yameshaanza kukunja majani. Aliketi, akaivuta fomu, akaisoma kichwa chini kwa muda kabla ya kuigeuza.

"Saini wapi?"

Zipora alimwonyesha.

"Hapa msimu huu hakutakuwa na chakula cha watu wote," alisema, akikiangalia kidole cha binti yake kilichokuwa juu ya karatasi. "Huko chuoni wanakula mara tatu, sivyo?"

"Wanasema hivyo."

"Basi nenda ukale."

Zipora hakujua kama amesamehewa au amefukuzwa. Alimtazama mama yake, na Eliwaza naye hakujua. Gideoni aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, alivyofundishwa na wamishenari utotoni. Alipomaliza hakuachia kalamu.

"Yule mtu wako wa kitabuni," alisema. "Wa makaa. Mwisho alisema?"

"Hapana. Alikufa hajasema."

"Na wenzake hawakumuuliza? Mtaa mzima?"

"Hawakumuuliza, baba."

Gideoni aliachia kalamu. "Kitabu cha watu wasio na majirani," alisema, akamsukumia karatasi.

*

Jumamosi Zipora alishuka na sanduku kichwani. Baba yake alikuwa ameshatoka, hakusema anakwenda wapi. Mama yake alimsindikiza hadi kwenye mfereji, akamrekebishia ngata, akageuka upesi.

Asubuhi hiyo msimamizi mpya alikuwa amepiga pembe, akaipiga vibaya, na maji yalikuwa yanakwenda kwa Fanueli. Fanueli alikuwa ndani ya shamba, jembe mkononi, anayaelekeza tuta kwa tuta. Njia ilipita kando ya shamba lake. Hapakuwa na nyingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Aliinua jembe, maji yakaingia tuta jingine. "Ndiyo unakwenda?"

"Ndiyo, baba."

"Huko pia mtasoma vitabu?"

"Wanasema vigumu kuliko kile."

Fanueli aliyatazama maji yakijaa, akaziba kwa mguu, akafungua penginepo. Zipora alidhani mazungumzo yameisha. Alikuwa ameshapiga hatua tano au sita alipoitwa.

"Zipora."

Aligeuka kwa uangalifu, mkono mmoja ukishika sanduku.

"Mimi usiniandike tena," alisema Fanueli, akarudi kwenye maji yake.